Nchi Zikigombana na Meli Umeshailipia

Nilikuwa nimekalia mbuzi jikoni kwangu Mississauga, Kanada, nakuna nazi, simu ikaita. Mdogo wangu, kutoka Muscat. Hata salamu hakutoa. "Dada, hiyo meli yenu si inapita India? Basi India wamefunga viza kwa Wakanada."

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 21 Septemba 2023. Meli yetu ilikuwa ing'oe nanga Dubai tarehe 5 Desemba, ipite Muscat, Mumbai, Goa na Kochi, imalizie Colombo. Na hela yote ilishalipwa, kwa sababu mkataba ulidai malipo ya mwisho siku 90 kabla ya safari, yaani tarehe 6 Septemba. Wiki mbili na siku moja baadaye mlango ukafungwa.

Ugomvi wenyewe mnaujua. Tarehe 18 Septemba Waziri Mkuu Justin Trudeau alisimama bungeni Ottawa akasema kuna tuhuma nzito zinazowahusisha maafisa wa serikali ya India na mauaji ya Hardeep Singh Nijjar, Msikh mwenye uraia wa Kanada aliyepigwa risasi Juni mwaka huo mjini Surrey, British Columbia. India ikakanusha. Kila upande ukamfukuza mwanadiplomasia wa mwenzake, kisha India ikasimamisha viza. Mimi, mama wa watu niliyestaafu kuendesha basi la shule, nikajikuta nimo katikati kwa sababu tu nilitaka kuiona Mumbai kabla magoti hayajakataa.

Tangu hapo kila ndugu na jirani anayetaka kupanda meli ya kitalii hunipigia mimi kwanza. Nimechoka kurudia, kwa hiyo naandika.

Anza na pasipoti, si na mtu

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilipochukua uraia wa Kanada mwaka 2011 niliachana na pasipoti ya Tanzania, maana sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mume wangu, Baba Nuru, aligoma. Yeye hapa ni mkaazi wa kudumu, na pasipoti yake ni ya Tanzania mpaka leo. Miaka yote hiyo, uwanja wowote wa ndege tutakaotua, mimi napita chapuchapu halafu namsubiri yeye upande wa pili, amesimamishwa anaulizwa anakwenda kwa nani na ana hela kiasi gani.

Safari hii kibao kikageuka. India haikuwa na neno na Tanzania, na Watanzania wamo katika orodha ya wanaoruhusiwa kuomba viza ya mtandaoni. Jioni ileile Baba Nuru alijaza fomu, akaomba ile ya mwaka mmoja kwa sababu ile ya siku 30 huombwa ukiwa umebakiwa na siku 30 au pungufu kabla ya kufika. Haikupita wiki, ikatoka. Akanionyesha simu huku anacheka: "Usijali, mama. Nitakuletea iliki."

Kwa hiyo kazi ya kwanza, siku hiyohiyo unaposikia habari, ni kuchukua karatasi na kuandika kila msafiri na pasipoti aliyoikatia tiketi. Usiandike alizaliwa wapi wala anaishi wapi. Kisha utafute majibu ya maswali matatu kwenye tangazo lenyewe la serikali, si kwenye kundi la WhatsApp. Je, wamefunga maombi mapya tu, au na viza zilizokwisha kutolewa? Je, ukiombea nchi nyingine inasaidia? Je, kuna watu walioachwa nje ya katazo?

Kwa India ya 2023 majibu yalikuwa hivi: maombi mapya ya Wakanada yalisimama, ya karatasi na ya mtandaoni, na hata ungeombea Dubai au Nairobi ungekataliwa vilevile. Lakini mwenye viza ambayo haijaisha aliendelea kusafiri, na mwenye kadi ya OCI, ile ya watu wenye asili ya India, hakuguswa kabisa. Jirani yangu mmoja, Mhindi wa Dar es Salaam wa Mtaa wa Jamhuri, raia wa Kanada kama mimi, alikwenda Gujarat Oktoba ileile akarudi na vitambaa. Mimi nilikuwa nimeiahirisha viza yangu kwa uvivu tu. Laiti ningeomba ile ya mwaka mmoja Agosti, nisingekuwa na cha kuhadithia.

Atakayekurudisha si askari wa Uhamiaji

Hili watu wengi hawalijui. Wanadhani wakikosa viza watabaki melini, wasome kitabu, wale, waogelee, wenzao wakishuka. Zipo nchi ambako hilo linawezekana. Uturuki, kwa mfano, ina utaratibu wa kuwaruhusu abiria wa meli za kitalii kushuka kwa hadi saa 72 bila viza, na St. Petersburg ya Urusi ilikuwa na saa 72 zake kwa wanaotembezwa na wakala. India haikuwa hivyo kwetu. Barua ya kampuni yetu ilisema waziwazi: asiye na viza ya India hapandi meli Dubai, hata akiapa kwamba hatakanyaga gati la Mumbai.

Sababu ni rahisi. Kampuni ikimpeleka mtu asiye na karatasi, matatizo na faini ni vyao. Basi anayeamua ni kijana aliyekaa nyuma ya kaunta kwenye bandari ya kuanzia safari, na yeye hana habari na siasa wala huruma. Ana orodha. Maandalizi yako yote, kuanzia siku ya kwanza, yalenge kaunta ile.

Niliiandikia kampuni barua pepe fupi yenye maswali matatu: bila viza nitapanda au sitapanda, naweza kuhamishia pesa kwenye safari nyingine, naweza kubadilisha jina la abiria? Jibu lilichukua siku tisa na halikujibu lolote. Lilinishukuru tu kwa kuwachagua. Nikaandika tena, nikayapa maswali namba. Hapo ndipo nilipojibiwa kama mtu. Hakikisha majibu unayapata kwa maandishi. Yule wa kwenye simu atakwambia "itakuwa sawa tu", na siku ya safari humwoni.

Kwenye barua hiyo ya pili kulikuwa na jambo la maana: jina moja ndani ya kabini linaweza kubadilishwa, alimradi yule abiria mwingine wa mwanzo abaki. Waulize na nyinyi, kampuni nyingi zinaruhusu mpaka siku fulani. Mdogo wangu wa Muscat akarukia: "Basi niandike mimi, Dada, sisi pasipoti ya Oman inaingia." Baba Nuru na shemeji yake kabini moja, kitanda kimoja, siku kumi na mbili! Tungechekwa mpaka Chumbageni kule Tanga. Tukakubaliana kwamba nikikwama, ataandikwa mpwa wa Baba Nuru anayefanya kazi Sharjah. Mpwa naye akaanza kuomba dua nikwame.

Hesabu ya pesa

Usighairi siku ya kwanza kwa hasira. Toa mkataba, tafuta jedwali la adhabu, uziandike tarehe zake kwenye kalenda ya ukutani. Mkataba wangu ulisema: ukighairi kati ya siku 89 na 61 kabla ya safari unapoteza nusu, kati ya siku 60 na 31 robo tatu, na siku 30 za mwisho hupati hata senti. Nilipopata habari zilibaki siku 75. Kwa hiyo kusubiri mpaka tarehe 5 Oktoba hakukunigharimu chochote, nusu ilishakwenda. Tarehe 5 Oktoba ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kukata shauri.

Bima ilinivunja moyo. Bima ya safari ya kawaida hailipi kwa sababu umenyimwa viza. Hulipa ukiugua, ukifiwa, au serikali yako ikipandisha onyo la safari baada ya wewe kulipia, ikasema msiende isipokuwa kwa jambo la lazima. Nilifungua ukurasa wa maonyo ya Kanada kila asubuhi kama anayengoja matokeo ya mtihani. Onyo la India kwa jumla lilibaki palepale kwenye "chukueni tahadhari kubwa", ambalo kwa bima ni sawa na hakuna. Ipo bima ya kughairi kwa sababu yoyote ile, inayorudisha sehemu tu ya pesa, mara nyingi kati ya nusu na robo tatu, lakini lazima uinunue ndani ya siku chache baada ya kutoa kianzio. Mimi nilikuwa nimeiruka ili niokoe dola mia na kitu. Sasa siiruki, hasa njia inapopita nchi yenye maneno na nchi yangu.

Tiketi ya ndege niliipatia: ya Toronto hadi Dubai niliikata ile inayorudishwa pesa. Ghali zaidi, ndiyo. Lakini meli na ndege ukizinunua kwa mashirika tofauti, hakuna anayejali shida za mwenzake.

Tarehe 5 Oktoba tulikaa mezani. Hapa sitajifanya mwerevu: nilibahatisha. Nilikumbuka kwamba mwaka 2017 Marekani na Uturuki zilifungiana viza tarehe 8 Oktoba na mwisho wa Desemba zikafunguliana. Lakini Baba Nuru naye akanikumbusha Emarati, nchi yenye hiyo Dubai, na Kanada. Ugomvi wao wa haki za kutua ndege ulianza 2010, Januari 2011 Emarati ikawawekea Wakanada viza, na viza ya miezi sita ya kuingia mara nyingi ilifika dola 1,000. Hilo halikuondolewa mpaka Juni 2013. Kwa hiyo usidanganywe na mtu anayesema "haya mambo huisha haraka". Yapo yanayoisha haraka. Sisi tulibaki kwa sababu jina lingeweza kubadilishwa na mpwa alikuwa tayari, basi. Bila mpwa ningechukua nusu yangu.

Usiombe viza isiyo yako

Tarehe 26 Oktoba India ililegeza: viza za kuingia kwa watu wenye uhusiano na nchi, za biashara, za matibabu na za mikutano zikarudi. Za utalii bado. Ndani ya saa chache wakala mmoja hapa mtaani akanipigia: "Mama, tukuombee ya biashara, barua ya mwaliko nitaitafuta mimi." Nilikataa. Si kwa utakatifu. Niliwaza tu nitamwambia nini ofisa wa Mumbai akiniuliza nafanya biashara gani nikiwa nimevaa kofia ya jua na mkononi nina ratiba ya meli. Nchi mbili zinapovutana, pasipoti yako inaangaliwa mara mbili, na si wakati wa kupeleka karatasi ya uongo.

Wiki iliyotangulia mambo yalikuwa yamezidi: wanadiplomasia 41 wa Kanada waliondoka India, na Kanada ikasimamisha huduma za ana kwa ana kwenye balozi zake ndogo za Mumbai, Chandigarh na Bengaluru. Hili lina maana kwa msafiri. Ukiibiwa pasipoti Mumbai, na meli inaondoka saa kumi na moja jioni, wa kukusaidia yuko New Delhi. Nilitoa kopi tatu za kila kitu, na nikamtumia mwanangu Nuru picha zake.

Jumatano, tarehe 22 Novemba, viza ya mtandaoni ikafunguliwa. Zilibaki siku 13.

Fomu yenyewe

Ingia kwenye tovuti ya serikali ya India, ambayo anwani yake inaishia na gov.in. Ukiandika tu "viza ya India" kwenye intaneti zitatangulia tovuti kumi zinazofanana nayo, zenye bendera na nembo, na zitakutoza mara mbili au tatu. Baadhi yake ni za wizi mtupu.

Fomu ni ndefu. Inauliza dini, majina ya wazazi na walikozaliwa, jina lako la zamani kama uliwahi kubadilisha, uraia uliokuwa nao kabla, na nchi ulizotembelea miaka kumi iliyopita. Inauliza pia kama wazazi au babu zako walikuwa raia wa Pakistan. Mwenye asili hiyo viza ya mtandaoni haimhusu, anapaswa kuomba ubalozini, na huko ni kusubiri. Wapo Wapwani wenye mizizi ya Karachi wanaolisahau swali hili mpaka wanakataliwa. Jibuni ukweli.

Mahali pa kuingilia usichague uwanja wa ndege. Chagua bandari ya kwanza ya India katika ratiba yako. Mwaka ule bandari zinazokubali viza hii zilikuwa tano: Mumbai, Goa, Mangalore, Kochi na Chennai. Kama meli yako inaingia India, inatoka kwenda Sri Lanka, halafu inarudi India, hesabu umeingia mara mbili. Kutoka Mumbai kwenda Goa hadi Kochi bila kugusa nchi nyingine, ni mara moja.

Ukurasa wa pasipoti wanautaka kwa PDF isiyozidi KB 300. Mimi niliupiga picha chini ya taa ya jikoni, mwanga ukang'aa juu ya namba, siku ya pili ombi likarudi. Nikaenda maktaba ya mtaa, nikaskani kwa mashine. Jumatatu, tarehe 27 Novemba, saa tisa usiku nikaamka kunywa maji, nikaangalia simu: imekubaliwa. Nikamwamsha Baba Nuru. Akasema, "Mpigie mpwa umpe pole," akageukia ukutani akalala.

Kwa wenye pasipoti za nyumbani, mambo mawili ya haraka. Kwanza, viza za njia nzima, si za kule kwenye ugomvi tu. Baba Nuru alihitaji viza ya Emarati ili hata afike melini, kibali cha Sri Lanka, na kadi yake ya ukaazi isiwe imeisha, maana bila kadi hiyo shirika la ndege halimpandishi kurudi Kanada. Meli za Miami zinazozunguka Karibiani zinataka viza ya Marekani ya kuingia mara nyingi. Ile ya mara moja itakutoa tu, kukurudisha haiwezi. Meli za Mediterania zinazotoka Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, zikagusa Uturuki na kurudi, hivyohivyo. Pili, kama unatoka Kenya, Uganda au Kongo moja kwa moja, India itadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Na kama kampuni yenyewe ndiyo itakayoruka bandari, usitegemee fidia. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, meli za Baltiki ziliifuta St. Petersburg, na abiria wakapelekwa bandari nyingine. Mikataba karibu yote inawapa haki hiyo. Wanachorudisha kwa kawaida ni ada za bandari tu.

Siku ya kupanda

Dubai, tulifika terminali saa sita mchana. Mabegi makubwa wapagazi huyachukua mlangoni, yenye vibandiko vya namba ya kabini, na hutayaona tena mpaka jioni. Karatasi, dawa na pasipoti zikae kwenye mkoba wa begani. Mbele yetu palikuwa na mzee na mkewe, Wakanada kama mimi. Msichana wa kaunta aliichukua viza yao iliyochapishwa, akaiweka kando ya pasipoti, akaanza kufuata namba kwa ncha ya kalamu, tarakimu kwa tarakimu. Kalamu ikasimama. Mahali penye sifuri mzee alikuwa ameandika herufi O. Mabegi yao yalikuwa yameshapandishwa. Walikalishwa kwenye viti vya pembeni, mkewe amekumbatia kofia, na nilipogeuka mara ya mwisho walikuwa bado pale.

Nilipoitwa, nilikuwa nimeshaisoma namba yangu mara nne. Kalamu ikapita mpaka mwisho.

Muscat, mdogo wangu alitungojea nje ya geti la bandari pale Mutrah na chupa ya kahawa na halua. Mumbai, maafisa wa Uhamiaji walituita kwa zamu, wakachukua alama za vidole, wakagonga muhuri, wakatupa kikaratasi cha kushukia. Kikaratasi hicho na kopi ya viza nilivionyesha kila nilipotoka na kila nilipoingia: kwenye ngazi ya meli, kwenye gati, getini. Picha ya kwenye simu askari wa geti hakuitaka, alitaka karatasi aishike.

Iliki nilinunua mwenyewe, Kochi, Mattancherry, nusu kilo.